Jina la Papa Kinywani mwa Paroko

Mama Ubani hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata wakati wa mahubiri alikaa nusu kiti, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni, macho yanakimbia kutoka kwenye mishumaa kwenda kwenye vichupa vya divai na kurudi. Kazi yake ilikuwa sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare ambako mapadre huvalia. Yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi makanzu, aliyepanga kasula, yale mavazi ya juu ya misa, kwa rangi zake, aliyefungua kitabu cha misa kwenye ukurasa wa siku na kuwasha mkaa wa chetezo. Moshi wa ubani ulishamwingia hadi kwenye nywele, ndiyo maana watu wakamwita hivyo, na jina lake la ubatizo likabaki kwenye cheti tu.

Paroko alikuwa mjomba wake wa tumbo moja na mama yake. Mbele za watu alimwita Padre. Wakiwa jikoni alimwita Mjomba. Mama yake alipofariki, mzee huyu ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemzikia mume. Alipobaki mjane, akampa chumba uani mwa nyumba ya mapadre na funguo za sakristia. Hakuwa na mtu mwingine chini ya jua. Ukiona natia chumvi, basi wewe hujawahi kubakiwa na ndugu mmoja.

Sasa, waumini wa parokia ile nisiwasingizie, ni watu wema. Kanisa linajaa, sadaka inatolewa, wagonjwa wanatembelewa. Ila wana maradhi yao: lazima wajue padre yuko chama gani. Pentekoste moja Paroko alivaa kasula nyekundu, kama mapadre wote duniani wanavyovaa siku hiyo, na kwa kuwa nyekundu ndiyo rangi ya upinzani, jioni ile kuna watu walikataa kumpa mkono. Akipiga chafya, upande mmoja unamwambia afya, upande wa pili unauliza amepigia chafya nani. Na yeye mzee wa watu, miaka yote, hakuwahi kusema anapigia nani kura. Basi kila upande ukajipa kuwa ni wake.

Papa alipofariki, walilia pamoja. Alipochaguliwa mwingine, kila mtu akashika lake. Walijazana ukumbi wa parokia kuangalia televisheni, na kabla yule baba hajamaliza kupunga mkono pale kibarazani, tayari walishamgawana.

"Huyu ni wa wanyonge, mwangalie macho yake," akasema mama mmoja.

"Wa wanyonge wapi? Mwangalie viatu!"

"Mbona mwenye afya hivi? Tutakaa naye mpaka wajukuu waoe."

Walicheka, wakapiga vigelegele, wakatawanyika. Yangeishia hapo ingekuwa heri. Lakini baada ya siku chache Papa yule akahutubia, akasema viongozi wanaowavunjia maskini vibanda vyao watakuja kuulizwa na Mungu. Alisema kwa dunia nzima, hata hakujua kama mji ule upo. Ila mji ule, mwezi huohuo, halmashauri ilikuwa imepitisha tingatinga nyuma ya kituo cha mabasi na kufagia vibanda vyote. Na diwani aliyesimamia kazi hiyo ndiye mwenyekiti wa halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadre, wa parokia, anakaa kiti cha mbele kila Jumapili, tumbo limetangulia.

Diwani alivimba. "Papa awe Papa, siasa atuachie wenyewe," alisema nje ya kanisa, na watu wake wakaitikia. Upande wa pili alikuwapo Kinyozi, mwalimu wa kwaya, ambaye kibanda chake cha kunyolea kilikuwa cha kwanza kulala chini. Huyu sasa alinyoa watu chini ya mwavuli, na kila kichwa kilichokaa mbele yake kilisomewa hotuba ya Papa mwanzo hadi mwisho, utake usitake, maana wembe uko shingoni.

Ndipo ikaja Jumapili ile.

Katikati ya misa, kwenye ile sala kuu, padre huliombea Kanisa na kumtaja Papa kwa jina, kisha askofu. Ni maneno machache, wengi hata hawayasikii. Jumapili ile Paroko akamtaja Papa aliyekwisha kuzikwa. Watu wachache wakatazamana, wakatabasamu. Ulimi una mazoea jamani, jina moja miaka yote, utalibadilisha kama shati? Jumapili iliyofuata akamtaja marehemu tena. Safari hii hakuna aliyetabasamu. Kinyozi aligeuka kule jukwaani kwenye kwaya, akamtazama Diwani. Diwani alikuwa ameegemea kiti, meno yote nje.

Kwa walivyo wale watu, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mzee anaweza tu kusahau. Padre hasahau, padre ana lake! Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa na video kwenye simu: Paroko amkana Papa mpya. Wengine walimwita jasiri, wengine wakamwita kibaraka wa serikali. Kuna hata waliodai ameitwa ikulu, na mwingine akaapa ameliona gari lenyewe.

Mama Ubani ndiye aliyejua, na kujua kwenyewe kulimkosesha usingizi na hamu ya kula. Alikuwa ameona mengi. Alimwona Mjomba akitia sukari kwenye chai, akikoroga, kisha akitia tena. Alimkuta uani ameshika kiatu kimoja, anatafuta alichokuwa anatafuta. Asubuhi moja mzee alimwita mpwa wake kwa jina la marehemu mama yake, akamuuliza kama amerudi kutoka sokoni. Yeye akajibu amerudi. Angejibu nini?

Akajaribu mbinu zake. Wakati wa chai anafuta meza ambayo ni safi, halafu anauliza kama mtu asiye na shida, "Hivi Mjomba, Papa wetu siku hizi anaitwa nani?"

Mzee analitaja barabara, jina na namba yake. Moyo wa Mama Ubani unatua. Wanavuka uwanja kwenda kanisani, anamvalisha, anamfunga mshipi, anamuuliza tena kwa sauti ya chini, anajibu. Akifika altareni, limeyeyuka, anakuja marehemu. Alimwandikia jina kwa herufi nene akalibandika kwenye ukurasa wenyewe. Mzee alilibandua.

"Mimi si mtoto wa komunyo ya kwanza," alisema, akalikunja na kulitia mfukoni.

"Sijasema hivyo, Padre."

"Umebandika."

Siku ya tatu yake Kinyozi alimfuata sakristia. Alikuwa bado na vumbi la nywele za watu mikononi, na alisimama mlangoni kwa adabu, maana hasira anayo lakini malezi pia anayo.

"Mama, shikamoo. Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe hudanganyi. Padre anaumwa? Kama anaumwa niambie, nitawanyamazisha vijana leo hii. Kama haumwi, basi ametuuza."

Hapo ndipo pa kusema. Mwana wa watu kaja mwenyewe, kauliza kistaarabu, mlango uko wazi. Lakini Mama Ubani alijua neno lile likitoka linakwenda wapi. Linakwenda kwa askofu, na askofu ana nyumba ya mapadre wazee, mbali, safari ya kutwa nzima. Nyumba safi, masista wapole, bustani, na ndugu anaruhusiwa kuja kusalimia Jumapili na kuondoka. Aliwahi kwenda kule kumsindikiza padre mwingine. Aliwaona wamepangwa kibarazani wanasubiri uji.

"Padre haumwi," alisema huku akipiga pasi kitambaa kilekile alichokwisha kukipiga. "Padre ana msimamo wake."

Kinyozi alimtazama. "Haya, Mama," akasema, akaondoka.

Mama Ubani akaunguza kitambaa.

Jumapili iliyofuata kwaya haikuimba. Walikaa, vitabu vimefungwa, mikono magotini, na mzee akaanza wimbo peke yake kwa sauti iliyokatika katikati. Diwani naye akaja baada ya misa na ujumbe wa watu wenye suti, wakamshika Paroko mkono mmojammoja, wakamwambia nchi inahitaji mapadre kama yeye wasioyumbishwa na wageni. Mzee alitabasamu na kuwashukuru. Alikuwa anadhani wamekuja kwa ubatizo.

Asubuhi ya Jumanne ukuta wa nyumba ya mapadre ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: MSALITI. Mama Ubani alitoka mbio na ndoo na brashi, akasugua mpaka vidole vikatoka damu, lakini rangi ya mafuta haina huruma. Mjomba alitoka na fimbo yake, akasimama nyuma yake, akasoma polepole.

"Nani msaliti?" akauliza.

"Watoto tu wanacheza, Mjomba. Ingia ndani, kuna baridi."

"Ni mimi?"

Alizidi kusugua. Mzee akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake, maji yakatiririka miguuni mwao, na siku ile alikuwa mzima kabisa, macho makali kama ya zamani, akili yote nyumbani.

"Mwanangu, unadhani sijui?" alisema. "Najua. Ninapofika pale, ni kama mtu ameninyang'anya. Nalitafuta, naliona lile la zamani limekaa palepale, nalichukua. Nikishalisema ndipo nakumbuka si lenyewe."

"Basi tumwambie Baba Askofu."

"Thubutu!" Fimbo iligonga chini. "Wakidhani nimekataa, mimi bado mtu. Wananichukia, sawa, lakini wananichukia mtu mzima mwenye akili zake. Wakijua nimesahau watanionea huruma. Watanisemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi, watanifuta mdomo. Niapie hutasema."

"Mjomba, wanakuita msaliti. Watu uliowabatiza!"

"Niapie."

Akaapa. Aliapa shingo upande, mikono inachuruzika maji meusi, na tangu siku ile hakutulia tena. Alifagia uwanja uliofagiwa. Alihesabu hostia, ile mikate ya komunyo, akapotea, akaanza upya. Usiku aliamka kwenda kusikiliza mlangoni kwa Mjomba kama anapumua, mchana alimfuata nyumanyuma kama mtu anayechunga mtoto anayejifunza kutembea, akijificha asionekane kwamba anachunga. Hasira nazo zilimpanda: kwa Diwani, kwa Kinyozi, kwa Papa mwenyewe aliyeshindwa kuchagua jina jepesi, na siku nyingine, Mungu amsamehe, kwa mzee. Kiburi gani hiki? Afe na sifa ya uasi ambao hata hakuufanya, kisa asifutwe mdomo?

Habari zikafika kwa askofu, zingeachaje kufika. Askofu akatuma salamu kwamba Jumapili atakuja mwenyewe, wataadhimisha misa pamoja. Askofu yule alikuwa mwanafunzi wa Paroko seminarini. Mzee ndiye aliyemfundisha Kilatini, ndiye aliyemtetea alipotaka kufukuzwa kwa utoro. Walipendana. Hilo ndilo Mama Ubani aliloogopa kuliko yote, maana mtu anayekupenda huona upesi kwamba unaumwa.

Jumapili kanisa lilifurika hadi nje. Diwani alijaza viti vya mbele watu wake, wengine hata si Wakatoliki, wanapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Kinyozi na kwaya yake walisimama juu, mikono kifuani. Kila aliyekuwa na simu aliishika tayari. Ilikuwa misa au mechi, hata sijui.

Sakristia, Mama Ubani alimvalisha Mjomba. Mshipi ulimshinda kufunga, akarudia.

"Papa wetu nani, Padre?" alinong'ona.

Mzee akalitaja sawasawa. Askofu alikuwa hatua chache tu, anavaa. Alisikia. Alimtazama Mama Ubani kwa namna ya mtu anayeanza kujumlisha mambo, lakini kengele ikagongwa, wakatoka.

Misa ilikwenda vizuri. Askofu hakusema neno la siasa wala la Papa, alihubiri juu ya mkate, na watu wakachoka kusubiri. Ikafika sala kuu. Askofu akasali sehemu yake, kisha, kama ilivyo desturi mapadre wakiwa wengi, akamnyooshea Paroko mkono aendelee na ile sehemu ya kuliombea Kanisa. Alifanya kwa heshima. Alitaka kumpa mwalimu wake nafasi ya kujisafisha mbele ya watu wote, na laiti angejua anampa nini.

Mzee akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, ileile iliyobatiza nusu ya mji. Akafika kwenye jina, akanyamaza.

Safari hii hata marehemu hakuja. Alisimama, mikono imeinuliwa, mdomo wazi, macho yanapita kwenye kitabu bila kuona. Mtoto alilia, akazibwa mdomo. Kisha kutoka viti vya mbele, makofi. Diwani alianza, watu wake wakapokea, wakasimama, wakapiga makofi kumpongeza padre jasiri anayekataa hadharani, mbele ya askofu wake. Kule juu Kinyozi akapaza sauti, "Aibu!" na vijana wakaidaka, aibu, aibu, mpaka vioo vikalia.

Mzee aligeuza kichwa. Hakumtazama askofu, hakumtazama Diwani. Alitazama mlango wa sakristia, aliposimama mpwa wake, na uso ule Mama Ubani hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyepotea njia nyumbani kwake.

Alikuwa ameapa. Akinyamaza, mzee anabaki mwasi, anabaki mtu, kama alivyoomba mwenyewe. Lakini anabaki mwasi wa nani? Wa yule mwenye tingatinga! Na angesimama pale mpaka lini, mikono juu, anapigiwa makofi na watu wasiojua kwamba anazama?

Mama Ubani akatoka mlangoni, akasimama mbele ya altare na aproni yake yenye majivu ya chetezo, akalitaja jina la Papa. Alilitaja kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara.

"Papa wetu ni huyo, Mjomba," akasema. Ndiyo, alisema Mjomba, kanisani, mbele ya watu. "Sema."

Mzee akalisema. Makofi yalipungua, yakabaki ya mtu mmoja asiyeelewa, naye akakoma. Sasa ilibaki jina la askofu. Askofu alikuwa ubavuni pake, bega kwa bega. Mzee alimtazama usoni, akamtabasamia kama unavyomtabasamia mgeni uliyemsahau lakini unajua ni mtu mwema, kisha akageuka tena kwa mpwa wake, akasubiri.

Akamtajia na hilo. Lilitoka limelowa machozi.

Hapo watu walielewa wote kwa pamoja. Simu zilishuka moja moja. Diwani alikaa, akajikuta ameshika miwani yake anaifuta kwa tai. Askofu alifumba macho, na sala iliyobaki aliimalizia yeye, sauti imekwama. Na kwaya, bila Kinyozi kuinua mkono, ikaanza kuimba, vibaya, kila mtu na ufunguo wake.

Baada ya misa Kinyozi ndiye aliyefika sakristia wa kwanza. Hakuingia.

"Nilikuuliza, Mama," alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Nilikuja nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ule ukuta niliandika mimi."

"Najua. Nenda kwanza, mwanangu. Tutaongea."

Askofu alikuwa ameshika mikono ya mzee kwa mikono yake miwili, anazungumza naye taratibu na kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anavyosema na kiziwi. Amechoka, alimwambia, amefanya kazi ya kutosha, wiki hii gari litakuja. Mahali ni pazuri. Masista watamtunza. Mzee aliitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, Baba Askofu, ahsante. Askofu akatoka haraka akiwa amejiziba uso kwa leso.

Wakabaki wawili. Mama Ubani alianza kumvua kasula, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilikuapisha," mzee alisema. Akili ilikuwa imerudi. Ilikuwa na tabia hiyo ya kurudi mambo yakishaharibika.

"Uliniapisha, Mjomba. Lakini ulinitazama."

"Nilikutazama?"

"Watu wote wale, ulinitazama mimi. Ningefanyaje?"

Mzee alifikiri. Kidole chake kilifuata mshono wa kanzu, na Mama Ubani akasubiri karipio, alilitaka hata.

"Basi hukukosea," akasema. Halafu akainua macho. "Na huko wanakonipeleka, nitamtazama nani?"

Mama Ubani akaikunjua kasula tena, akaanza kuikunja upya.